DADA, HIYO SINDANO INAKWENDA WAPI?

Mji huu una mambo! Zamani sista du akitaka kutoka bomba alikuwa na mkorogo wake kwenye kopo, wigi lake na kucha za kubandika, basi, Jumamosi imekamilika. Mkorogo una balaa lake na limeshasemwa sana, sirudi huko. Siku hizi mchezo umehamia kwenye sindano. Sindano ya midomo ijae, sindano ya pua isimame, sindano ya kufuta makunyanzi, sindano ya makalio, dripu ya kung'arisha ngozi. Na usidhani zote zinachomwa hospitali. Nyingine zinachomwa saluni, kiti cha pili kutoka kwa msusi wa rasta, feni inapeperusha nywele za watu na redio inapiga kelele.

Mimi si daktari. Ila nimelelewa na nesi. Mama mkubwa kachoma watu sindano miaka thelathini na ushei, zahanati na wodini, mpaka akastaafu. Nyumbani kwetu hatukusimuliwa sana sungura na fisi, tulisimuliwa sindano. Kwa hiyo mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliponiambia kwamba keshatoa advansi saluni moja huko Sinza ajazwe midomo na "kunyanyuliwa" pua kidogo, moyo ulinipasuka.

"Dada, usianze," akaniwahi. "Ni kasindano kadogo tu. Nusu saa natoka mwake."

Nikamuuliza swali moja: hiyo sindano inakwenda wapi?

"Kwenye mdomo. Kwani wapi tena?"

Hapo ndipo nikajua kwamba hatuelewani, na kwamba wako wengi kama yeye.

Wengi wetu tunadhani sindano ni sindano. Sivyo. Kila dawa ya sindano ina anwani yake. Ile BCG uliyochomwa ukiwa kichanga, ikakuachia kovu, inaishia ndani ya ngozi tu. Insulini ya wenye kisukari inakwenda chini ya ngozi, penye mafuta. Ya pepopunda inakwenda kwenye msuli. Nyingine zinaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Dawa ile ile inayokuponya ikifika kwenye anwani yake inaweza kukumaliza ikipelekwa nyumba ya jirani.

Sasa tabu ni hii. Mishipa ya damu haina vibao. Ile ya kwenye mkono unaiona, ya ndani ya kalio huioni, ya kwenye fizi huioni, ya puani ndiyo kabisa. Mtu anasukuma dawa akijua yuko kwenye nyama, kumbe ncha imeshapenya ndani ya mshipa. Kama ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo, yaani ateri, dawa inasombwa mbele mpaka pale njia inapokuwa nyembamba kama uzi, inakwama, na nyama yote ya mbele inakosa damu. Kama ni vena, mzigo unarudi kwenye moyo na kuingia mapafuni. Hayo hayachukui wiki. Ni dakika, mara nyingine sekunde.

Wale tuliosoma shule ya msingi miaka ya tisini mnaikumbuka PPF. Sisemi ule mfuko wa pensheni, ambao nao tangu 2018 umeunganishwa kwenye PSSSF. Nasema sindano, penisilini yenye prokaini. Nyeupe kama maziwa, nzito, inachomwa kalioni, na ukitoka hapo unatembea kama kuku aliyepigwa jiwe. Dada yake alikuwa kristapeni, unga ambao ukichanganywa na maji ya sindano unakuwa angavu kabisa. Hizi mbili ni penisilini zote, lakini kristapeni inaruhusiwa mshipani na PPF hairuhusiwi hata siku moja. Mama mkubwa aliwafundisha wanafunzi wake hivi: "Maji anajua kuogelea kwenye damu, maziwa abaki kwenye nyama." (Usiende kuifanya sheria ya dawa zote, maana huko chumba cha upasuaji ziko nyeupe zinazochomwa mshipani. Yeye alikuwa anasema hizi mbili.)

Ule weupe si rangi ya urembo. Ni vichembe vidogo vidogo vya dawa ambavyo havijayeyuka, vimewekwa hivyo makusudi ili vikae msulini na kuachia dawa pole pole. Nduguye mwingine, benzathini penisilini, bado anatumika mpaka leo kwa kaswende na kwa kulinda moyo wa wenye homa ya baridi yabisi. Maelezo yake ya kiwandani yana onyo ndani ya kiboksi: usichome mshipani, watu wamesimama moyo na pumzi, wamekufa.

Kuna kisa mama mkubwa alikisimulia mara nyingi mpaka tukawa tunakimalizia wenyewe. Kijana mmoja utingo, mwili wa haja, kaja kuchomwa PPF. Bomba halijaisha, kijana akaruka kitandani: "Nakufa! Sista, nakufa!" Macho yamemtoka pima. Anasikia kengele, anaona ukuta unamjia, anataka kutokea dirishani. Nje, mama yake akaanza kukemea pepo. Mgonjwa mwingine kwenye benchi akasema hilo si pepo, ni jini la pwani, analijua. Mama mkubwa akaacha kusukuma, akachomoa sindano, akamkalisha, akaita daktari, wakampima presha na mapigo. Presha ipo. Hajavimba, hana upele, kifua hakijabana. Baada ya robo saa hivi kijana akatulia, akaangaza chini, akauliza kandambili zake ziko wapi.

Hiyo ina jina. Daktari Hoigné na mwenzake waliieleza mwaka 1959, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa imeponyokea kwenye damu na kufika kichwani ghafla, na mtu anapata hofu ya kifo isiyo na mfano. Si aleji. Aleji ya penisilini ni kitu kingine, hiyo inashusha presha na kubana pumzi, na inataka adrenalini haraka bila mjadala. Huyu utingo yeye alipona hapo hapo. Lakini unajua familia ilifanya nini? Hawakurudi tena zahanati kumalizia dozi. Walimpeleka kwa mganga, mbuzi akachinjwa, na mtaa mzima ukajua kijana ana jini linalochukia sindano. Mama mkubwa kilichomuuma ni hicho, kuliko hata zile kelele.

Kisa cha pili alikisimulia mara moja tu. Mtoto mdogo, kachomwa kalioni mahali pengine, kaletwa kwao akilia kilio kisichokoma. Ngozi pale ilikuwa imepauka kama karatasi. Kesho yake ikawa na michoro ya zambarau kama wavu wa kuvulia dagaa. Baada ya siku kadhaa nyama ikawa nyeusi. Haya yalishaandikwa Ulaya zamani, Freudenthal mwaka 1924 na Nicolau mwaka 1925, wakati kaswende ikitibiwa kwa sindano za madini ya bismathi, na leo wanaita ugonjwa wa Nicolau. Ni nadra, jamani, msije mkawanyima watoto sindano zao. Lakini upo. Mwisho wa yule mtoto mama mkubwa hajawahi kutueleza, na sisi tulijifunza kutouliza.

Ndiyo maana manesi wa zamani walikuwa na mtindo mmoja ambao ukiangalia vizuri utauona. Akishachoma, kabla ya kusukuma, anavuta bomba nyuma kidogo. Ikiingia damu, anachomoa na kuanza upya. Isipoingia, anasukuma taratibu huku akikuangalia usoni. Hapo kwenye "akikuangalia usoni" ndipo mama mkubwa alipokuwa mkali kuliko yote. Nesi anayepiga soga na mwenzake huku anasukuma dawa alikuwa anaambulia maneno mbele ya wagonjwa.

Sasa usije ukamgombeza nesi wa chanjo kwamba mbona hakuvuta. Shirika la Afya Duniani limeshasema kwa chanjo haihitajiki, kwa sababu pale begani na pajani wanapochoma hakuna mishipa mikubwa, na kuvuta kunamwongezea mtoto maumivu ya bure. Ila kwenye kalio, kwa dawa nzito kama hizo penisilini, bado wanaelekezwa kuvuta. Na kwa daktari wa meno ndiyo usiseme. Mwaka jana nilikwenda kung'olewa gego. Daktari kaingiza sindano ya ganzi, kavuta, mimi namwona macho yake tu juu ya barakoa. "Ngoja kidogo," akasema, akachomoa, akanionyesha kile kichupa: uzi mwembamba wa damu ulikuwa unaelea ndani yake. Akaweka kingine, akahama kidogo, akachoma upya. Angesukuma tu, dawa ya ganzi na adrenalini iliyochanganywa humo ingeingia kwenye damu yangu kwa mkupuo. Moyo unakwenda mbio, masikio yanalia, midomo inawaka, na ikizidi mtu anatapatapa kama mwenye kifafa. Yeye alitumia sekunde mbili kuvuta, nami nikarudi nyumbani na pengo langu.

Turudi Sinza.

Kile wanachojazia midomo kinaitwa fila. Nyingi ni asidi ya hayaluroni, kitu kizito kama jeli ya nywele. Msomaji, weka jeli kwenye bomba la maji uone kama maji yatapita. Uso wa binadamu umejaa ateri, na hizi zimeungana kama vichochoro vya Manzese: unaingia huku, unatokezea kule. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ile inayolisha jicho. Mtu akisukuma fila kwa nguvu ndani ya mshipa wa pua, jeli inaweza kurudi nyuma kinyume na mkondo, na mkono ukilegea damu inaisukuma mbele tena, safari hii kuelekea kwenye jicho. Jicho likikosa damu, madaktari mara nyingi hutaja dakika 90, baada ya hapo kurudisha uwezo wa kuona ni vigumu mno. Dakika 90 kutoka Sinza mpaka umpate daktari bingwa wa macho, jioni, na foleni yetu hii ya Ubungo!

Sijatunga. Mei 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa jambo hilo hilo moja, fila kuingia kwenye mshipa wa damu bila kukusudia. Walitaja ngozi kufa, upofu na kiharusi, na walitaja sehemu zenye hesabu mbaya zaidi: katikati ya nyusi, pua, paji la uso na kuzunguka macho. Pua, mdogo wangu! Ile "kunyanyua kidogo".

Na hapa ule ujanja wa kuvuta nyuma haukuokoi vizuri. Jeli ni nzito, sindano ni nyembamba, damu inaweza isirudi hata kama uko katikati ya ateri. Kwa hiyo anayejua kazi anasukuma kidogo kidogo, tone kwa tone, anaangalia rangi ya ngozi, anauliza unajisikiaje. Ngozi ikigeuka nyeupe ghafla, ikaja michoro ya bluu ya wavu, ukapata maumivu yasiyolingana na kasindano kale, au jicho likaanza kuona giza, anaacha hapo hapo. Kisha anatoa dawa ya kuyeyusha, inaitwa hayaluronidezi, anaichoma pale pale kwa wingi. Hiyo dawa inatakiwa iwe kwenye kabati lake kabla hujakaa kwenye kiti. Si ya kuagiza kesho.

Ubaya ni kwamba inayeyusha hiyo asidi tu. Silikoni haiyeyuki. Mwaka 2017 mamlaka hiyo hiyo iliwaonya watu waache kuchomwa silikoni ya maji kwa kuongeza makalio na matiti, kwa sababu inaweza kusafiri ndani ya mishipa na kuziba ubongo, moyo au mapafu. Na Oktoba 2021 wakaonya kuhusu zile kalamu za kusukuma fila bila sindano, ambazo mabinti wanaagiza na kujifanyia wenyewe chumbani mbele ya kioo. Bila sindano, eti ndiyo salama. Kumbe shinikizo ni lile lile na ufundi hakuna.

Makalio yana msiba wake mwenyewe. Wengine hawachomwi silikoni, wananyonywa mafuta tumboni yakarudishwa nyuma. Ndani kabisa ya msuli wa kalio kuna vena nene. Mafuta yakisukumwa humo yanakwenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufia mezani. Mwaka 2018 kikosi cha vyama vya madaktari wa upasuaji wa plastiki kilitahadharisha kwamba vifo vinaweza kufikia mtu 1 kwa kila 3,000, hesabu kubwa kuliko upasuaji wowote mwingine wa urembo, na waliokufa wakakutwa na mafuta ndani ya msuli. Wakaagiza mafuta yaishie chini ya ngozi, msuli usiguswe. Hao ni madaktari waliosomea, wenye vyumba vya upasuaji. Sasa jumlisha chumba cha kupanga na pazia.

Masela mnaocheka, ngojeni. Mnaochomana homoni kwenye vyumba vya kubadilishia nguo gym, mmoja kashika simu inayoonyesha jinsi ya kuchoma, mwingine kageuza kalio: ile dawa iko kwenye mafuta. Ikiingia kwenye vena, matone ya mafuta yanafika mapafuni, na mtu anaanza kukohoa ghafla, kifua kinabana, jasho, anataka kuzirai. Mnakiita kikohozi cha kawaida na mnatunisha vifua. Si cha kawaida. Bure.

Basi, Jumatano ile nilimwambia mdogo wangu sitamkataza, kakua, ana mshahara wake. Nikamwomba kitu kimoja tu, twende wote nikaulize maswali. Alikubali kwa shingo upande.

Dada mwenye saluni ni mkarimu kweli, alitutilia soda. Nikamwomba nione dawa. Akaleta boksi zuri, la dhahabu, lenye maandishi ambayo kati yetu watatu hakuna aliyeweza kuyasoma, wala sikuona pahali palipoandikwa ni asidi au silikoni. Nikamuuliza ana dawa ya kuyeyusha? Akasema yake haihitaji kuyeyushwa, inayeyuka yenyewe baada ya miezi. Nikamuuliza, na mteja akigeuka mweupe mdomoni au akasema haoni?

"Hiyo haijawahi kutokea hapa. Lakini ikitokea tunaweka barafu."

Barafu! Barafu inabana mishipa, na hapo mshipa umeshaziba tayari. Wanaojua wanaweka kitambaa cha uvuguvugu, wanakanda, huku dawa ya kuyeyusha ikiingia na gari likitafutwa. Sikusema kitu. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameshika glasi ya soda kwa mikono yote miwili, na mdomo wa chini kaung'ata, kama anahakikisha bado upo.

"Dada, naomba advansi yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Advansi hairudi, mpenzi. Ndio utaratibu."

Wakabishana pale kama nusu saa. Mimi nikamalizia soda yangu. Mwisho wakaafikiana: hela itakatwa kwa huduma nyingine. Njiani hakuniongelesha mpaka Shekilango. Tulipofika kituoni akasema nimemwaibisha mbele za watu, halafu akaniuliza kama jicho likishaziba linauma au linazimika tu. Nikamjibu wengi husema linazimika ghafla, na wapo wanaopata maumivu makali pia. Akapanda daladala.

Jumapili alikwenda mwenyewe kwa mama mkubwa, akakaa mpaka usiku. Anasema akipata hela ya kutosha atakwenda kwa daktari wa ngozi, akague kabati kwanza. Nimemwambia nitamsindikiza. Mpaka ninapoandika haya kasuka mara mbili, kapaka kucha mara moja, na bado anaidai saluni elfu arobaini. Midomo ni ile ile ya marehemu bibi yetu.